Mwisho Niliomtungia Biira

Juzi nikitoka Kasese kwenda Bwera kumzika shangazi yangu, gari lilisimama Muhokya kuchukua abiria, na kando ya barabara nikaona shamba la mtama lililozungushiwa kamba. Kwenye kamba zimefungwa CD kuukuu, kumi au ishirini, zinazunguka na upepo na kumulika jua ili ndege waogope. Mama mmoja aliyekaa mbele yangu akasema, "Kumbe hizi ziko na kazi bado!" Gari zima likacheka. Mimi sikucheka. Uso ulinipata moto, mtu mzima mimi, niliyenyonyesha na kuachisha, nikageukia dirisha ili jirani yangu asinione.

Wa rika langu mtakumbuka. Kabla ya simu kumeza kila kitu, filamu ilikuwa kitu cha kushikwa mkononi. Ilikuja katika nailoni nyembamba, picha ya mbele wino umevuja mpaka shujaa ana pua mbili, na ndani mtafsiri wa Kampala anapiga kelele kwa Kiganda juu ya sauti za Wazungu au Wahindi. Mtafsiri hakuwa na haya hata kidogo. Mtu anakufa kwenye filamu, yeye anamsalimu shemeji yake wa mjini. Tulimpenda hivyo hivyo.

Shangazi alikuwa dada wa baba. Kwetu ni Kenya. Baba aliletwa Kasese, huku Uganda, na kazi ya saruji, tukakaa kwenye nyumba za wafanyakazi, na Shangazi akamfuata kaka yake. Alipochoka kukaa bure akashuka Bwera, akafungua kibanda cha mabati kwenye njia ya kwenda mpaka wa Kongo, akauza CD. Kila shule yetu ya kampuni ilipofungwa, wiki kadhaa kabla ya zile za vijijini, nilipelekwa kwake. Nilikuwa na miaka kama kumi na moja, mwembamba, mwenye mdomo.

Ndani ya kibanda kulinuka plastiki mpya, na samaki wakavu wa jirani. Lakini hazina ya Shangazi ilikuwa deki moja ndogo ya kukunjua kama kitabu, yenye kioo juu na mahali pa CD chini, unaipakata magotini na kutazama popote. Alikuwa anaikodisha kwa siku kadhaa pamoja na CD zake. Waliokodi walikuwa watu wa kulala ndani: mama aliyejifungua, mzee aliyevunjika mguu, mtoto aliyetoka hospitali. Wengi walishuka milimani, wengine walivuka kutoka Kongo, na Kiganda cha mtafsiri kilikuwa kinawapita juu ya kichwa. Kwa hiyo kila mmoja aliuliza swali lile lile: hii inasema nini, na ni nzuri?

"Wewe umesoma, na Kiganda unasikia," Shangazi akaniambia siku moja. "Ukae hapo, uziangalie, watu wakiuliza uwaambie. Mimi macho yangu yananisumbua."

Jamani, nilipewa ufalme. Nikatafuta kalamu nyekundu, nikaanza kuweka alama kwenye kila nailoni. Vema moja, ya kupitisha muda. Vema mbili, nzuri. Vema tatu, usiiache hapa kibandani. Na nilikuwa mkali, msinione hivi. "Hii ya ngumi, ngumi zenyewe hazigusani." "Huyu anaimba mno, adui amesimama tu anamngoja amalize." "Hii mama mkwe ni mbaya sana, utapata presha." Watu walikuwa wanacheka wanashika matumbo. Wafanyabiashara kutoka Kongo wakanizoea, mmoja alikuwa akifika tu anaita, "Mutoto wa filme iko wapi? Leo iko nini ya bien?" Nami namkalisha chini namweleza, miguu nimeipishanisha, utadhani mimi ndiye niliyezitengeneza.

Sasa niwaambie jambo ambalo sikumwambia mtu. Sikuwahi kuona mwisho wa filamu hata moja.

Kibandani hapakuwa na umeme. Shangazi alichaji deki nyumbani usiku, na chaji ilikuwa ya kazi, haikuruhusiwa kuguswa kule. Asubuhi tukifika, betri ilidumu saa moja, siku njema saa moja na dakika chache. Ndipo kioo kinafifia, mtafsiri anakatwa katikati ya utani, basi. Filamu ina saa mbili, na kesho yake deki ilianzia tena mwanzo. Nilijua mianzo yote ya dunia hii. Nilijua nani anampenda nani, nani ameibiwa, nani ameapa kulipiza. Lakini waliishia wapi, sikujua.

Ningeweza kusema, "Sijafika mwisho." Maneno mawili tu. Lakini siku ya kwanza aliyeniuliza alikuwa afande mmoja wa pale mpakani, mtu mrefu, mkali, na nyuma yake watu wanasikiliza. "We mtoto, sema haraka. Mwisho inakuwa nini?" Nikaogopa kuonekana sijui. Nikasema, "Yule rafiki yake ndiye mwizi, afande. Anapigwa risasi kwenye daraja." Nilitunga papo hapo. Siku mbili baadaye afande akarudi, akanipiga kofi la bega akicheka: "Umesema kweli! Daraja kabisa!" Nilikuwa nimebahatisha. Kichwa kikanivimba. Tangu siku hiyo nikawa nawatungia watu miisho bila hata kupepesa macho, na nilipokosea walisema labda CD yao ina kasoro.

Mama Masika nilimjua kabla ya hapo. Alikuwa mwanamke wa Kyondo, anashuka siku za soko na kahawa yake na ndizi, na akimaliza hupita kumsalimu Shangazi. Sauti yake ilikuwa ya chini sana, mpaka umsogelee. Alikuwa na mtoto mmoja, msichana wa miaka saba hivi aliyeitwa Biira, ambaye alisimama nyuma ya sketi ya mama yake akitazama deki tu. Huyo Masika mwenyewe sikuwahi kumwona. Nikajijibu kwamba yuko shule ya bweni. Kasese darasani kwetu walikuwepo akina Masika watano na akina Biira wanne, nikaona ni majina tu yanayopendwa.

Siku hiyo alikuja peke yake, na Shangazi alikuwa ameenda kupokea mzigo.

"Mutoto wangu amevuka siku tatu," akaniambia, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona. "Ile kijito ya kwenda shule. Alikuwa amekataa tangu zamani, anakaa tu nyumbani. Sasa amevuka siku tatu, na mimi nilimwahidi filimu. Unipatie iko na watoto. Lakini maji isikuwe. Na mutu asikufe ndani."

Mtoto mwenye akili angejiuliza. Mimi nilijiona nimeelewa vizuri sana. Kanisani kwetu mchungaji alikuwa amehubiri juu ya majini wa kwenye maji, wanawake wenye nywele ndefu wanaovuta watu, na nikadhani Mama Masika hataki mtoto aone hao. Nikachambua nailoni kwa mikogo, nikamtolea moja yenye wasichana wawili na mbuzi mweupe, wote wanacheka mpaka mbuzi. Nilikuwa nimeitazama saa nzima ya kwanza, na nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Ilikuwa na vema tatu.

"Hii. Ni ya kuchekesha tu."

"Uliona yote?"

"Yote, Mama. Mpaka mwisho."

"Hakuna anakufa?"

"Hakuna! Mbuzi wanampata, wanarudi nyumbani, mama yao anawapikia." Kisha, ili kuongezea utamu, nikasema, "Hata Masika akifunga shule ataipenda."

Aliinama akawa anafunga deki ndani ya kitenge. Alikaa ameinama muda mrefu kuliko fundo lilivyotaka. "Ndiyo," akasema, akaenda zake. Nilijisikia vizuri siku nzima.

Kule Kyondo kaka yake Mama Masika alikuwa na sola ya kuchajia simu, kwa hiyo wao walitazama kwa raha mpaka mwisho. Walifika mahali ambapo mimi sikuwahi kufika.

Siku ya soko iliyofuata Shangazi na mimi tulikuwepo wote. Mama Masika alikuja bila kahawa wala ndizi. Akaweka deki juu ya meza, siku zake za kukodi hazijaisha, akaitoa kwenye kitenge taratibu.

"Ile musichana mukubwa anaingia mtoni kutoa mbuzi," akaniambia, bila kupandisha sauti. "Maji inamubeba. Mudogo anabaki kwa ukingo anaita jina. Biira aliita pamoja naye. Sasa havuki tena. Hata mulango wa nyumba havuki." Akanitazama. "Wewe uliona mwisho?"

Hapa ndipo aibu yangu inapokaa, na si pale pa kwanza. Pale pa kwanza nilikuwa mtoto mwenye majivuno, watoto wana majivuno. Lakini hapa nilikuwa nimeshajua nimefanya nini, niliona kwenye uso wa yule mama, na bado nikafungua mdomo nikasema, "Niliona. Ile yangu haikuwa na maji. Labda Shangazi alibadilisha CD ndani."

Shangazi aligeuka akanitazama. Alijua deki yake, alijua betri yake, alijua kila nailoni ilipo. Nikangoja anikane mbele ya watu. Hakunikana. Alizunguka meza akamshika Mama Masika mikono yote miwili.

"Ni makosa yangu, mama. Nilichanganya. Unisamehe, nakuomba."

"Haina neno," akasema Mama Masika, akaondoka. Na kuanzia siku ile hakusimama tena kibandani. Akipita alikuwa anapitia upande wa pili wa njia. Shangazi alimpoteza rafiki kwa ajili ya mdomo wangu.

Jioni hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alikuwa anamenya viazi, akasema bila kunitazama, "Watu wa hapa wanaita watoto kwa kufuatana. Msichana wa kwanza ni Masika, wa pili ni Biira, wa tatu ni Kabugho, inaenda hivyo. Ukiona Biira na huoni Masika, unafunga mdomo, hata kama wewe ni mgeni. Masika alibebwa na maji ya kile kijito wakienda shule, mvua ilikuwa imenyesha juu. Biira alikuwa amemshika mkono. Na mwili haukuonekana mpaka leo." Akaosha kisu. "Na jirani wa samaki alikusikia ukimwambia, Masika akifunga shule."

Sijui kama nimewahi kusikia aibu kama ile katika mwili wangu. Nilitaka kurudi Kasese usiku ule ule, kwa miguu.

Jumapili baada ya ibada Shangazi akanipandisha Kyondo na sukari na sabuni, tuombe radhi nyumbani kwao kama watu. Alinipitisha njia ya shule, tukavuka kile kijito. Kilikuwa kidogo, haki ya Mungu, magogo mawili na maji ya kufika gotini, nikashangaa kinawezaje. Shangazi aliingia kuongea na wakubwa. Mimi nikaachwa barazani na Biira, aliyekuwa amekaa na magoti kwenye kidevu. Kwenye dirisha nyuma yetu nilisikia mama yake anachambua maharage, yanaanguka kwenye ungo moja moja.

Nilikuja na maneno yangu ya kuomba msamaha. Hakunipa nafasi.

"Ni wewe unajuaka mwisho?"

Nikainama nikachora vumbi kwa kidole.

"Mama alisema wewe ulipanga mwisho ingine. Ile wanarudi nyumbani." Alikuwa ananong'ona. "Sasa ya Masika? Ya Masika inaisha namna gani?"

Ningemwambia, "Sijui mwisho." Maneno mawili tu, tena! Lakini alikuwa ananitazama kwa macho makubwa yale, na mimi nilikuwa na hamu ya kurekebisha, hamu ya kuwa tena mtoto wa filamu ambaye watu wanafurahi akisema. Nikamwambia kwamba maji yalimbeba Masika mpaka chini kabisa, mpaka mto wa mpakani, na upande wa Kasindi, ng'ambo ya Kongo, kulikuwa na mama anafua nguo. Huyo mama akaona gauni, akamvuta. Masika alikuwa mzima ila amesahau njia ya nyumbani na jina la kwao, kwa hiyo yule mama akakaa naye, akamlea, anamsuka nywele, anauza naye maandazi sokoni. Nilimpa yule mama kitenge cha njano. Nilimpa kovu mkononi. Nilimpa na jina, jina zuri la Kikongo nililolisikia kwa mteja.

Nyuma yetu maharage yalikuwa yameacha kuanguka. Nikafikiri Mama Masika anafurahi jinsi ninavyomtuliza mtoto wake.

Biira aligeuka akatazama dirishani. Lakini wiki ile ile habari zikashuka kwamba mtoto amevuka kijito, ameenda shule, na kesho yake tena. Shangazi akaniuliza, "Ulimwambia nini?" Nikasema, "Nilimwomba msamaha." Akanipapasa kichwa, na nikalala nimeridhika. Shule yetu ikafunguliwa, nikarudi Kasese, mwaka uliofuata baba akahamishiwa kazi mbali, na Bwera ikawa mahali pa kupiga simu wakati wa sikukuu. Miaka mingi nililibeba jambo lile kama jema moja nililolifanya katika ubaya wote ule. Niliwahi hata kumsimulia mume wangu kwa kujisifu kidogo, namna nilivyomvusha mtoto maji kwa hadithi.

Kwenye msiba wa Shangazi watu walikuwa wengi, turubai halikutosha. Nilikuwa nagawa chai mwanamke mmoja aliponishika kiwiko, mama mwenye mwili na mtoto mgongoni, akajitaja. Ni Biira. Nikapiga kelele ya furaha msibani, watu wakageuka. Nikamkumbatia. Yeye alikumbatia kidogo tu, akanivuta pembeni karibu na tangi la maji.

"Dada, nina neno moja tu," akasema. Kiswahili chake kimenyooka sasa, ni mwalimu wa shule ya msingi. "Mimi ile hadithi nilijua ni ya kutunga. Nilikuwa mdogo, lakini nilijua. Nilivuka kwa sababu nilimwona mama amechangamka, nikaogopa kumharibia."

"Mama yako alisikia?"

"Kila siku ya soko anavuka Kasindi. Mpaka leo. Anauliza mama wa kitenge cha njano, mwenye kovu. Magoti yamekwisha, anapanda boda, anavuka. Wale wa pale mpakani wamemzoea, wanamwita mama wa maandazi. Kahawa yetu, mashamba, vyote vimelala. Nimemwambia mpaka amechoka kunisikia. Anasema wewe ulijua mambo, wewe ulikuwa unaona miisho." Mtoto mgongoni akalia, akamtikisa. "Mwambie. Ni wewe tu atakusikia. Mwambie leo."

Nikamwahidi. Nilisema, "Namwambia sasa hivi," na nilimaanisha kwa moyo wangu wote.

Alikuwa amekaa kwenye mkeka kati ya wamama wa kanisa, amekuwa mdogo, kichwa chote mvi. Aliponiona uso wake ulifunguka. Miaka ile yote Shangazi aliyokuwa hai alikuwa anampita mbali, na leo alikuja kumzika, na kumbe alikuwa ananingoja mimi. Akanishika mkono kwa mikono yote miwili, akanikalisha.

"Mutoto wa filimu. Mungu amekuleta." Sauti yake bado ya chini, ilibidi niiname. "Niko na swali moja tu, halafu sitakusumbua. Yule mama ya Kasindi, ulimwambia Biira jina lake. Mimi nilikuwa ndani, maharage inapiga kelele, jina sikushika vizuri. Nimeuliza kila jina. Ulisema anaitwa nani?"

Biira alikuwa amesimama nyuma yake, ananitazama.

Nilifungua mdomo. Nilikuwa nayo maneno yote tayari, yamepangwa. Nikatazama ile mikono iliyonishika, na nikasikia sauti yangu mwenyewe inasema, "Nimesahau, Mama. Ni zamani sana."

Biira akageuka akaondoka.

"Haina neno," akasema Mama Masika, akinipigapiga kiganja. "Kumbuka polepole, mwanangu. Mimi niko hapa mpaka jioni."